EPA au EBA? Kulinganisha njia mbili za kuingia soko la Ulaya bila ushuru

Waridi la Naivasha na waridi la Arusha huweza kukutana kwenye mnada mmoja wa Aalsmeer, Uholanzi, na yote mawili yakawa yameingia bila kulipa ushuru wa forodha. Kinachotofautiana ni sheria iliyoyaingiza. La Kenya limepita kwa Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, maarufu kwa herufi EPA, uliotiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. La Tanzania limepita kwa EBA, yaani mpango wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha, ambao Umoja wa Ulaya uliuanzisha mwaka 2001 kwa ajili ya nchi zenye maendeleo duni. Kenya ilifungua soko lake ili ipate sifuri hiyo. Tanzania haikudaiwa kitu.

Ukiishia hapo, utasema Kenya imenunua kile ambacho jirani yake amepewa bure. Mjadala wetu mwingi juu ya EPA huishia hapohapo, na ndiyo maana watu wenye nia njema wamebishana kwa karibu miaka 20 bila kusogea. Njia hizi mbili zina gharama tofauti, zinalipwa kwa nyakati tofauti, na ipi inafaa hutegemea nchi iko wapi leo na inataka kuuza nini kesho.

Nani ana hiari ya kuchagua

Historia yake si ndefu. Kuanzia Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, nchi za Afrika, Karibea na Pasifiki ziliuza Ulaya kwa masharti nafuu bila kutakiwa kulipa fadhila. Shida ikawa kanuni za Shirika la Biashara Duniani: huwezi kuwapendelea baadhi ya nchi zinazoendelea na kuziacha nyingine, isipokuwa kama mna mkataba wa biashara huria wa pande mbili, au kama unazipendelea nchi maskini zaidi zote kwa pamoja. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 ulitoa muda wa mpito uliokwisha mwishoni mwa 2007. Baada ya hapo zikabaki njia mbili: mkataba kamili, au EBA kwa walio kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni.

Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopasuka. Kati ya nchi wanachama wanane wa leo, Kenya peke yake haimo kwenye orodha hiyo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo, Sudan Kusini na Somalia zote zimo. Kwa hiyo nchi saba zilikuwa na mahali pa kurudi mazungumzo yakivunjika, na moja haikuwa napo.

Tulishaona kilichotokea Kenya ilipokosa. Tarehe 1 Oktoba 2014 muda uliowekwa na Ulaya ulipita bila Jumuiya kukamilisha mkataba, na Kenya ikaangukia mpango wa kawaida wa upendeleo, GSP, ambao hupunguza ushuru lakini haufuti wote. Maua ya Kenya yakaanza kutozwa kati ya asilimia 5 na 8.5. Hali hiyo ilidumu hadi karibu na Krismasi mwaka huo, baada ya mazungumzo kukamilika na Kenya kurejeshewa sifuri. Kwa biashara ya maua, ambayo bidhaa huharibika kwa siku chache na faida kwa shina ni ndogo, asilimia 8.5 yatosha kumfanya mnunuzi ageukie Ethiopia, ambayo iko kwenye EBA.

Ndiyo maana simlaumu Mkenya aliyeunga mkono EPA. Nchi yake ilikuwa inachagua kati ya mkataba na ushuru, ilhali Tanzania ilikuwa inachagua kati ya mkataba na kubaki ilipo. Kuyapima maamuzi ya nchi hizi mbili kwa kipimo kimoja ni kuzionea zote.

Bidhaa gani zinafaidika

Kabla ya kutetea mkataba wowote, tazama bidhaa yako inatozwa nini Ulaya pasipo mkataba. Wengi hawalitazami hili, nalo hubadilisha picha yote.

Kahawa mbichi haitozwi ushuru kuingia Ulaya, itoke Kilimanjaro, Brazil au Vietnam. Chai nyeusi vilevile. Korosho, pamba iliyochambuliwa na ufuta navyo ni sifuri kwa kila nchi. Mkulima wa korosho wa Mtwara au mwenye chai wa Kericho anayeambiwa kwamba mkataba huu utamfungulia soko la Ulaya anaambiwa jambo lisilomhusu. Soko lake liko wazi tayari, na bei yake haitapanda kwa sababu ya saini ya mtu.

Ushuru unaanza kuuma pale unapoongeza thamani, au unapouza zao la bustani linaloshindana na la mkulima wa Hispania. Kahawa iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5. Shati la pamba asilimia 12. Minofu ya sangara asilimia 9. Maua ya kukatwa asilimia 8.5 wakati wa baridi na 12 kuanzia Juni hadi Oktoba. Parachichi liko kati ya asilimia 4 na 5.1 kulingana na msimu, na maharagwe mabichi hupita 10. Sukari hutozwa kwa tani, tena ushuru mkubwa kiasi kwamba bila upendeleo ni kama mlango umefungwa.

EPA na EBA zote mbili hushusha viwango hivyo vyote hadi sifuri. Kwa upande wa kuingia Ulaya, basi, hazipishani kwa ushuru. Lakini tazama orodha hiyo inasema nini: faida ya sifuri iko kwenye bidhaa zilizosindikwa na kwenye mazao ya bustani, haiko kwenye malighafi. Nchi inayouza pamba na korosho ghafi haivuni lolote kutoka kwa njia yoyote kati ya hizi mbili mpaka iwe na kiwanda. Kwa hiyo swali la kuulizia mkataba ni hili: je, unanisaidia kujenga kiwanda, au unaninyang'anya vifaa vya kukijengea?

Kenya imetoa nini hasa

Kenya imekubali kuondoa ushuru, hatua kwa hatua, kwa bidhaa za Ulaya zinazofikia asilimia 82.6 ya thamani ya inachoagiza kutoka huko, kwa muda wa miaka 25. Namba hiyo inatisha ukiisoma peke yake. Ila sehemu kubwa ya bidhaa hizo, kama mitambo, dawa na malighafi za viwandani, ilikuwa sifuri tayari kwa mujibu wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi mpya inahusu bidhaa zilizokuwa zikilipa asilimia 10 na baadhi zilizokuwa zikilipa 25, nazo zina miaka kadhaa ya kusubiri kabla ushuru haujaanza kupungua.

Zilizobaki, asilimia 17.4, hazikuguswa. Humo mna mazao mengi ya kilimo, mvinyo na vileo, nguo na viatu, bidhaa za plastiki, vyombo vya kioo na kauri, na magari. Anayesema kwamba mfugaji wa Nyandarua ameachwa uwanjani peke yake na maziwa ya Ulaya anakuza mambo.

Mimi hainisumbui sana hiyo orodha ya ushuru. Yanayonisumbua ni masharti yaliyo kando yake, ambayo hayatajwi sana redioni.

La kwanza ni ushuru wa kuuza nje. Tanzania hutoza korosho ghafi inayosafirishwa, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, ili kuwavuta wabanguaji wafanye kazi hiyo nchini. Waweza kubishana kama tozo hiyo imesimamiwa vizuri, na wakulima wa kusini wana malalamiko ya haki juu yake, lakini ni moja ya zana chache ambazo nchi maskini inazo. Chini ya EPA ushuru mpya wa namna hiyo hauruhusiwi, isipokuwa kwa bidhaa chache, kwa muda maalumu, kwa kutoa taarifa Ulaya, na kwa mapitio ya baraza la pamoja. Mlango haukufungwa, ila ufunguo hauko mfukoni mwako peke yako tena.

La pili ni sharti la kutopandisha. Ushuru wa bidhaa zilizomo kwenye ratiba ya kufunguliwa haurudi juu, hata serikali mpya ikija na mpango mpya wa viwanda. La tatu ni kwamba Kenya ikiipa nchi nyingine kubwa kibiashara, tuseme China au India, masharti bora kuliko iliyoipa Ulaya, Ulaya nayo inaweza kudai yaleyale. Nchi ndogo hupata nguvu kwenye mazungumzo kwa kuwa na kitu cha kumpa mmoja na kumnyima mwingine, na sharti hili linaipunguza nguvu hiyo kwa miaka mingi ijayo.

Kuna kinga pia. Bidhaa za Ulaya zikifurika ghafla, Kenya inaweza kuzirudishia ushuru kwa muda, na kuna nafasi ya kulinda kiwanda kichanga. Kinga hizi hazitumiki kwa urahisi kama zinavyosomeka. Nchi za Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, ambazo zina EPA yao, mwaka 2018 ziliweka ushuru wa dharura wa asilimia 35.3 kwa kuku waliogandishwa kutoka Ulaya. Ulaya ikalipeleka shauri kwenye usuluhishi, na mwaka 2022 wasuluhishi wakakuta kasoro katika namna hatua ile ilivyochukuliwa. Kundi lile lina Afrika Kusini, yenye wanasheria wa biashara na tume yake ya uchunguzi, na bado lilijikwaa. Nchi inayotegemea kinga hizi na haina watu wa kukusanya takwimu za uagizaji mwezi hadi mwezi ina kinga ya kwenye karatasi.

EBA nayo haiji bure

Walioikataa EPA Tanzania, ile iliyojadiliwa kwa Jumuiya nzima kabla ya Kenya kwenda peke yake, walikuwa na hoja nzito. Mwaka 2016 Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliipinga hadharani, na Novemba mwaka huo Bunge likakataa kuiridhia. Hoja ya viwanda vichanga ilikuwa sahihi. Nasikitika tu kwamba baada ya kukataa hatukujadili kwa nguvu ileile udhaifu wa pale tulipobaki.

EBA ni uamuzi wa upande mmoja. Ulaya iliitoa kwa kanuni yake yenyewe, na kwa kanuni hiyohiyo yaweza kuipunguza. Agosti 2020 Cambodia iliondolewa sehemu ya upendeleo huo, takriban moja ya tano ya mauzo yake Ulaya, kwa sababu za haki za binadamu na za kisiasa. Afrika Mashariki imeonja jambo kama hilo upande wa Marekani: Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba ili kulinda nguo zake, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia upendeleo wa nguo chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuzipa nchi za Afrika nafuu ya ushuru. Mwekezaji anayetaka kujenga kiwanda kitakachorudisha fedha zake baada ya miaka 12 huliangalia hili. Mkataba unaofunga pande zote mbili humpa uhakika ambao mpango wa hisani hauna.

Tena EBA ina mwisho, na mwisho wenyewe ni mafanikio yako. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa ilipopitia orodha, Tanzania, Uganda na Rwanda zilifikia vigezo vya kutoka kwa mara ya kwanza. Nchi inatakiwa ivifikie katika mapitio mawili yanayofuatana, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitatu, kisha hupewa miaka ya kujiandaa, na Ulaya huongeza mitatu ya mpito. Kwa hiyo hakuna anayefukuzwa kesho, lakini kiwanda cha nguo kinachojengwa leo kwa kutegemea EBA kitakuwa bado kinalipa mkopo muda huo utakapofika. Kikiangukia GSP ya kawaida, shati lake litalipa asilimia 9.6.

Kuna udhaifu mwingine wa EBA ambao ni wa kitaalamu kidogo, nao una uzito kwa wenye viwanda. Ili bidhaa ipate sifuri ni lazima ihesabike kuwa ya nchi yako, na kanuni za uasili hueleza ni kiasi gani cha malighafi kinaweza kutoka nje. EBA ina kanuni nyepesi: nguo iliyoshonwa nchini kwa kitambaa cha nje hupita. Lakini pale inapokuja suala la kuchanganya malighafi za majirani na kuzihesabu kama zako, makundi ya kikanda yanayotambuliwa kwenye mpango huo ni ya Asia na Amerika ya Kusini na Kati, na Afrika Mashariki haimo. EPA kwa upande wake inaruhusu, kwa masharti, kuhesabu malighafi za nchi za Jumuiya na za Afrika kwa jumla. Msindikaji wa Thika anayenunua nanasi Uganda ana nafasi ambayo mwenzake wa Dodoma anayenunua Zambia hana. Kwa bara linalotaka minyororo ya uzalishaji inayovuka mipaka, hilo ni pengo kubwa, na ni hoja nzuri kuliko zote za kuitetea EPA.

Jirani aliye kwenye umoja wa forodha

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila nchi inaishi peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni umoja wa forodha, maana yake bidhaa ya nje hutakiwa ilipe ushuru uleule iwe imeingilia Mombasa au Dar es Salaam. Kenya itakapofikia hatua ya kuipokea bidhaa fulani ya Ulaya kwa sifuri huku Tanzania ikiitoza asilimia 25, bidhaa hiyo ikivuka Namanga ina deni la ushuru. Maofisa watalazimika kukagua asili ya bidhaa mipakani, pale ambapo tulikuwa tunajitahidi kupunguza ukaguzi. Viongozi wa Jumuiya waliiruhusu Kenya iendelee peke yake katika mkutano wa Februari 2021, na kisheria mkataba umeacha nafasi kwa nchi nyingine wanachama kujiunga. Gharama ya mipakani ipo palepale.

Afrika Magharibi imepita njia hii. Ghana na Côte d'Ivoire, ambazo nazo haziko kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, zilianza kutumia mikataba yao pekee mwaka 2016 kwa sababu Nigeria haikuwa tayari kusaini wa pamoja. Mpasuko ni uleule: walio na cha kupoteza wakasaini, waliobaki hawakuona sababu. Ukilinganisha na kusini mwa Afrika, ambako Lesotho na Msumbiji, zenye haki ya EBA, ziliingia pamoja na majirani zao, unaona kwamba kwenda kwa pamoja kunawezekana. Kwa maoni yangu kosa letu kubwa lilikuwa kuacha kujadiliana kama Jumuiya baada ya 2016. Kenya peke yake mbele ya Umoja wa Ulaya ni nchi moja mbele ya 27, na katika mazungumzo ya mwisho iliongezewa sura nzima ya masharti ya mazingira na kazi, yenye ahadi zinazobana.

Sifuri haipiti maabara

Jambo moja ambalo EPA na EBA hazipishani kabisa ni viwango vya afya. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, wakati ambapo ushuru ulikuwa sifuri kwa nchi zote tatu za ziwa. Tangu Aprili 2025 waridi linalokwenda Ulaya linabanwa na masharti makali zaidi dhidi ya nondo anayeitwa false codling moth, litoke kwenye EPA au EBA. Fedha ya mkaguzi wa mimea na ya maabara ya mabaki ya viuatilifu mara nyingi huokoa mauzo mengi kuliko saini ya waziri.

Ningechagua nini

Ningekuwa Kenya, ningesaini, na baada ya kusaini ningeweka nguvu kwenye ile nafasi ya kuhesabu malighafi za majirani, maana hadi sasa wenye viwanda wachache wanaijua. Pia ningeajiri wachumi na wanasheria wa kufuatilia uagizaji kutoka Ulaya kabla miaka ya kusubiri haijaisha, ili siku kinga ikihitajika ushahidi uwepo.

Ningekuwa Tanzania au Uganda, nisingejiunga leo. Sioni sababu ya kutoa tozo ya korosho na nafasi ya kupanga ushuru ili kupata sifuri ambayo tunayo. Lakini nisingesubiri hadi barua ya kutoka kwenye orodha ifike. Ningeanza sasa kujadili masharti ya kujiunga, nikidai mambo mawili mahususi: uhuru mpana zaidi wa ushuru wa kuuza nje, na ratiba inayoanza kuhesabiwa siku nchi inapopoteza EBA. Na ningeandaa njia ya pembeni, GSP+, ambayo hutoa sifuri kwa bidhaa nyingi kwa nchi dhaifu kiuchumi zilizoridhia na kutekeleza mikataba 27 ya kimataifa. Cabo Verde ilifanya hivyo baada ya kutoka kwenye orodha mwaka 2007, bila kufungua soko lake kwa mkataba.

Burundi, Sudan Kusini na Somalia hazina haja ya kuharakisha. Tatizo lao ni barabara, umeme na maabara, na EBA inawatosha kwa miaka mingi.

Na kama wewe ni muuzaji, usiingoje serikali. Tafuta namba ya forodha ya bidhaa yako, ile yenye tarakimu nane kwenye orodha ya ushuru ya Ulaya, uone inatozwa nini bila upendeleo. Ikiwa ni sifuri, weka fedha yako kwenye ubora na vyeti vya viwango. Ikiwa ni asilimia 9 au 12 na unauza kwa EBA mzigo unaozidi euro 6,000, hakikisha umesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wauzaji, na kwamba tamko la uasili limeandikwa kwenye nyaraka za mzigo. Bila tamko hilo forodha ya Ulaya itautoza mzigo wako ushuru kamili, hata kama nchi yako ina haki zote za kuingia bure.